Kilti kuukuu ya kijeshi yenye tartani mbili: tuitambue kabla ya kuipa jina la ukoo

Fundi Marinda

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nipo Glasgow. Kazi yangu ni kukarabati nguo za sufu, na nguo inayofika mezani kwangu kuliko zote ni kilti, ile sketi ya marinda ya Waskoti inayoshonwa kwa tartani, yaani kitambaa cha mistari ya rangi inayokatana, ambacho michoro yake mingi huitwa kwa majina ya koo. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila Mswahili mwenzetu wa huku akipata kilti kuukuu mnadani au kwenye duka la mitumba la kanisa, kitu cha kwanza ni kuipiga picha na kuiingiza kwenye programu ya simu. Sekunde hiyo hiyo anaambiwa "hii ni ya ukoo fulani", na mjadala umefungwa. Kwa kilti ya jeshini njia hiyo inapotosha, tena inazika habari za mtu aliyeivaa. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka asome kidogo kidogo.

Kilti iliyonisukuma niandike imeletwa na ndugu yetu Mkenya anayeishi Leith, huko Edinburgh. Yumo humu, na ameniruhusu. Ni sufu nzito ya kijani, buluu iliyoiva na nyeusi. Katikati ya kijani unapita mstari wa rangi ya siagi. Programu ilimwambia ni tartani ya Gordon. Lakini kwa ndani, nyuma ya mkanda wa ngozi wa upande wa kulia, pameshonwa kiraka, na kiraka chenyewe kimekatwa kwenye tartani nyingine kabisa. Akaniuliza: huu ni ukoo gani, na imekuwaje nguo moja ikawa na koo mbili?

Nilimwambia tuweke koo pembeni kwanza. Askari hakuvaa tartani ya ukoo wake, alivaa ya kikosi chake. Kijana wa jina la Campbell akiandikishwa Gordon Highlanders alivaa Gordon. Kijana wa Manchester aliyepangiwa Seaforth Highlanders alivaa Mackenzie, hata kama kwao hakuna aliyewahi kuiona milima ya Uskoti.

Sasa tuone tartani za jeshi zilikotoka, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini zinafanana hivyo. Mwaka 1725 Jenerali Wade aliunda makampuni ya walinzi wa nyanda za juu za Uskoti, na mwaka 1739 makampuni hayo yakaunganishwa kuwa rejimenti, ile tunayoijua kama Black Watch. Walivaa tartani ya kijani, buluu na nyeusi, ambayo mpaka leo huitwa tartani ya Serikali. Kisha ukaja uasi wa 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza, waasi wakashindwa kwenye mapigano ya Culloden mwaka 1746, na Bunge la London likapiga marufuku mavazi ya nyanda za juu kwa wanaume raia wa Uskoti. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1782. Jeshi peke yake ndilo lililoruhusiwa. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 jeshi lilikuwa mteja mkubwa wa wafumaji wa tartani, na karibu yote lililonunua ilikuwa ya muundo ule ule mmoja.

Vikosi vipya vilipoanza kuundwa, kila kamanda alitaka watu wake watofautike. Wengi hawakubuni kitu kipya toka mwanzo. Walichukua tartani ya Serikali wakaongeza mstari. Mwaka 1793 mfanyabiashara wa nguo wa Huntly aitwaye William Forsyth alimpelekea Duke wa Gordon vipande vitatu: kimoja na mstari mmoja wa njano, cha pili miwili, cha tatu mitatu. Kikosi kikapewa ule wa mstari mmoja. Hiyo ndiyo Gordon ya kijeshi. Vikosi vya Mackenzie vilitia mstari mweupe kwenye kijani na mwekundu kwenye buluu. Forbes ni ile ile ya Serikali yenye mstari mweupe uliobanwa na nyuzi nyeusi pande zote mbili. Lamont nayo ni karibu kama Forbes, ila mweupe wake haukubanwa na nyeusi.

Mnaona sasa? Tofauti ya kikosi na kikosi ni uzi mmoja au miwili. Uzi huo ukibadilika rangi, jina lote linabadilika. Programu ya simu inasoma rangi ilivyo leo, si ilivyokuwa siku nguo ilipotoka kwa mfumaji.

Nitaendelea. Maswali yaanze.

Jirani wa Leith

Mimi ndiye mwenye kilti. Niliinunua kwa bei ya chini kabisa, imekunjwa ndani ya sanduku pamoja na mapazia. Nilipenda uzito wake. Fundi, ile rangi ya siagi kwangu ni njano. Nimeiangalia mchana, nimeiangalia usiku, ni njano. Sasa unataka kusema si Gordon?

Fundi Marinda

Ndugu yangu, hapo ndipo penyewe.

Kilti ya kijeshi inachukua kama yadi saba au nane za kitambaa. Kinachoonekana nje ni sehemu ndogo tu, kwingine kote kumejificha ndani ya marinda. Humo ndani jua halijafika, moshi wa makaa haujafika, wala mkono wa mtu. Nilichofanya ni kulegeza rinda moja la nyuma, lile ambalo nyuzi zake zilikuwa zimeshakatika zenyewe, nikalifungua hadi chini kwenye mkunjo.

Ndani mule mstari ni mweupe. Nje sufu imezeeka na kugeuka siagi, jambo la kawaida kwa sufu nyeupe. Halafu katikati ya buluu, mahali ambapo kwa nje mnaona uzi wa kahawia usioeleweka, ndani kuna mstari mwekundu, umebanwa na nyeusi pande zote. Mweupe kwenye kijani, mwekundu kwenye buluu: hiyo ni Mackenzie. Gordon haina mwekundu. Forbes haina mwekundu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilti yako ni Mackenzie bila wasiwasi.

Niseme kidogo kuhusu rangi, kwa sababu wengi huchanganyikiwa hapa. Kabla ya rangi za viwandani, ambazo zilianza mwaka 1856, kijani kilipatikana kwa kuchovya sufu mara mbili, kwenye nili ya buluu na kwenye rangi ya manjano ya mimea. Manjano huwahi kukimbia, nili hubaki. Ndiyo maana kitambaa cha zamani sana kinaweza kuonekana buluu mahali palipokuwa kijani. Nyeusi nayo ya zamani ilitengenezwa kwa dawa zenye chuma, na chuma hula sufu. Ukiona mistari myeusi imechakaa na kutoboka wakati buluu iliyo kando yake ni nzima, hiyo si kazi ya nondo. Nyekundu ya kokinili, ile itokayo kwa wadudu wa Amerika, huvumilia kuliko zote.

Kwa hiyo rangi ni shahidi wa mwisho kuitwa. Mpangilio wa mistari ndio unaotangulia.

Cherehani Butterfly

Fundi mwenzangu, mimi nipo Kariakoo, nashona sare za shule, marinda ndiyo mkate wangu. Niambie unavyohesabu huo mpangilio. Na hayo marinda ya kilti yanakunjwaje, maana picha uliyoweka naona kama ni ya boksi.

Fundi Marinda

Umeona vizuri, ni ya boksi, yaani kila rinda limekunjwa kushoto na kulia. Nianze na kuhesabu.

Tartani hufumwa kwa mpangilio mmoja kwenye mtande (nyuzi za urefu) na kwenye mshindio (nyuzi za upana). Nyuzi hupita mbili juu, mbili chini, na kila mstari unasogea uzi mmoja, ndipo unapata ile michirizi ya mshazari. Tartani nyingi zina mahali pawili ambapo mpangilio hugeuka na kurudi ulikotoka, kama mtu anayesoma maneno kinyumenyume. Unaanza kuhesabu kutoka mgeuko mmoja hadi mwingine. Unahitaji kioo cha kukuzia na sindano butu ya kuonyeshea. Unaandika: buluu nyuzi kadhaa, nyeusi kadhaa, buluu kadhaa, hivyo hivyo hadi mwisho. Usijali kama hesabu yako inapishana kidogo na ya kitabuni, kwa sababu wafumaji waliongeza na kupunguza kulingana na unene wa uzi. Linalotakiwa kulingana ni utaratibu na uwiano.

Ukishapata mfuatano huo, nenda kwenye Rejista ya Tartani ya Uskoti. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ikafunguliwa Februari 2009, ipo chini ya hifadhi ya nyaraka ya taifa jijini Edinburgh, na kutafuta humo ni bure.

Sasa marinda. Hapa fundi wa sare utafurahi. Kilti ya raia wa leo kwa kawaida hukunjwa ili mpangilio wote wa tartani uendelee nyuma kama ulivyo mbele. Jeshini walikunja kwa mstari: wanachagua mstari mmoja, na kila rinda linauonyesha huo huo. Ukitazama nyuma ya kilti ya namna hiyo, mistari ya wima ni ile ile inarudiarudia, na mbele ni kitu kingine.

Kila kikosi kilikuwa na utaratibu wake. Gordon walikunja marinda yanayolala upande mmoja, mstari wa njano ukitokea kwenye kila rinda. Black Watch walitumia marinda ya boksi. Argyll and Sutherland pia boksi, lakini wakiacha kijani kionekane, wakati kitambaa chao ni tartani ile ile ya Serikali kwa rangi nyepesi kidogo tu. Maana yake vikosi viwili vinaweza kuvaa kitambaa kimoja, na ukawatofautisha kwa marinda. Hilo programu haiwezi kukuambia kwa picha ya mbele. Seaforth walikuwa na boksi, mstari mweupe nje. Kilti ya jirani yetu wa Leith ndivyo ilivyo, boksi kwa mstari mweupe. Kitambaa na mkunjo vinasema jambo moja.

Mjukuu wa Nyeri

Nimeusoma uzi huu nikakumbuka simulizi za nyumbani. Wazee wetu walikuwa wakisema wakati wa hali ya hatari, siku za Mau Mau, walikuja wazungu waliovaa sketi. Wengine hatukuamini. Je, kilti kama hizi zilifika Kenya kweli?

Fundi Marinda

Wazee walisema kweli, mjukuu. Batalioni ya kwanza ya Black Watch ilitoka vita vya Korea ikaletwa moja kwa moja Kenya mwaka 1953, ikakaa hadi 1955. Tena ofisa wao mmoja, Earl Wavell wa pili, mtoto wa yule Jenerali Wavell wa Vita vya Pili, aliuawa tarehe 24 Desemba 1953 huko karibu na Thika.

Ila msituni hawakuvaa kilti. Kilti ilikuwa imeshaondolewa vitani tangu 1940, na batalioni ya kwanza ya Cameron Highlanders ndiyo hutajwa kuwa ya mwisho kupigana ikiwa nayo, huko Ufaransa. Waliokuja Kenya walivaa nguo za kijani za porini. Kilti ilibaki ya gwaride, na ya wapiga zumari za mfuko. Na hapa niongeze jambo la kuwasaidia wanaotafuta: wapiga zumari wa Black Watch hawakuvaa tartani ya Serikali, walivaa Royal Stewart, ile nyekundu. Mtu akikwambia "babu yangu alikuwa Black Watch lakini kilti yake ni nyekundu", usimwone mwongo. Muulize kama babu alipiga zumari.

Nayaandika haya nikijua kwamba kwa wengine humu kikosi hicho hakikuwa wapita njia wenye mavazi ya kupendeza. Wazee wa Nyeri na Murang'a walikuwa upande wa pili wa bunduki zao. Nguo inayotambuliwa kwa usahihi inatusaidia kujua nani alikuwa wapi na lini, na hilo lina thamani kwa pande zote mbili.

Binti Muscat

Huku kwetu Oman jeshi lina bendi za zumari za mfuko, mpaka za juu ya ngamia, na wapigaji hujitanda tartani begani. Nimewahi kuona vipande vikiuzwa sokoni Muttrah. Vinaingia kwenye hesabu yako?

Fundi Marinda

Vinaingia, dada, na umenikumbusha jambo kubwa: tartani ya kijeshi si lazima itoke Uskoti. Waingereza walipopeleka jeshi lao na wakufunzi wao, zumari na tartani vilifuata. Afrika Kusini kulikuwa na Cape Town Highlanders waliovaa Gordon, na Transvaal Scottish waliovaa Murray of Atholl. Kanada ndiyo usiseme. Toronto kuna 48th Highlanders wenye tartani ya Davidson. Calgary Highlanders wanavaa ya Serikali. Vancouver wapo Seaforth Highlanders of Canada, na hao wanavaa Mackenzie sawasawa na ndugu zao wa Uskoti.

Kwa hiyo kujua kwamba kitambaa ni Mackenzie hakujatufikisha. Lazima tugeuze nguo ndani nje.

Kilti za askari wa kawaida zina bitana ya pamba ngumu kiunoni, na kwenye bitana hiyo bohari lilipiga mihuri ya wino: saizi, jina la mtengenezaji, wakati mwingine mwaka. Muhuri wa kutafuta kuliko yote ni mshale. Mali ya jeshi la Uingereza ilipigwa mshale mpana, mara nyingi pamoja na herufi W na D. Mshale ukiwa ndani ya herufi C, ni mali ya Kanada. Ukiwa ndani ya U, ni Afrika Kusini. Ukiwa katikati ya D mbili, ni Australia. Alama hii ndogo ina uzito kuliko tartani nzima, kwa sababu muhuri wa bohari haubishaniwi.

Bitana ya kilti hii imechafuka kwa jasho na kutu ya bizimu. Nimeiangalia chini ya taa ya kulaza, mwanga ukitoka ubavuni, nikaipiga picha kwa kamera inayoongeza ukali wa weusi. Mshale upo. Umezungukwa na herufi C.

Jirani wa Leith

Yaani Kanada! Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaambia watu kazini kwamba ni ya Gordon wa Aberdeen. Sasa na kile kiraka?

Fundi Marinda

Kiraka kimekaa chini ya ngozi miaka yote, kwa hiyo rangi zake ni kama za jana. Kijani, buluu, nyeusi, na mstari wa njano safi. Hicho ndicho Gordon. Programu ilitaja jina sahihi kwa kitambaa kisicho sahihi.

Kiraka cha tartani nyingine kwa kawaida kina maelezo mepesi. Fundi wa kikosi alitumia kilichopo. Lakini kwa Kanada kuna kisa kinachostahili kusimuliwa hapa, na ni kisa kizuri kuliko vyote ninavyovijua kuhusu kutambua tartani isiyojulikana.

Vita vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Kanada ilikusanya watu wake kambi ya Valcartier, Quebec. Batalioni ya 16 iliundwa kwa kuchanganya watu wa vikosi vinne vya akiba vya Kiskoti: vya Hamilton, Winnipeg, Vancouver na Victoria. Wa Vancouver walikuja na Mackenzie ya Seaforth. Wa Victoria walikuja na Gordon. Wa Winnipeg walikuja na tartani ya Cameron. Batalioni moja, gwaride moja, tartani nne tofauti.

Katika batalioni hiyo alikuwamo mpiga zumari James Richardson, mzaliwa wa Bellshill, hapa jirani na Glasgow, ambaye familia yake ilihamia Kanada. Tarehe 8 Oktoba 1916, kwenye handaki liitwalo Regina Trench huko Somme, Ufaransa, kampuni yake ilikwama mbele ya seng'enge chini ya risasi. Richardson akaomba ruhusa, akatembea mbele ya seng'enge huku na huku akipiga zumari, watu wakainuka na kuvamia. Baadaye alipewa kazi ya kumrudisha nyuma mwenzake aliyejeruhiwa pamoja na mateka. Akiwa njiani akakumbuka kwamba ameacha zumari zake. Akarudi kuzichukua, na hakuonekana tena. Alitunukiwa Nishani ya Victoria, ile ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, akiwa marehemu. Hakuwa ametimiza miaka 21.

Zumari zilihesabiwa kuwa zimepotea topeni. Kumbe mwaka 1917 kasisi wa jeshi la Uingereza, Meja Edward Yeld Bate, aliziokota. Baada ya vita akawa mwalimu katika shule ya Ardvreck, huko Crieff, Uskoti, akaziweka shuleni. Zikakaa hapo miaka mingi sana, zimevunjika, zina tope na damu, hakuna anayejua ni za nani. Kitu kimoja tu kilikuwa kimesalia juu yake ambacho kingeweza kusema: mabaki ya kitambaa cha tartani.

Mzazi mmoja wa shule hiyo aliweka ombi kwenye intaneti akiomba msaada wa kuitambua tartani hiyo. Mwaka 2002 likafika kwa kiongozi wa wapiga zumari wa Canadian Scottish Regiment, kikosi kinachobeba urithi wa Batalioni ya 16. Tartani ilikuwa Lennox, nyekundu, na wapiga zumari wa Batalioni ya 16 walikuwa wakivaa Lennox. Si Mackenzie, si Gordon, si yoyote kati ya zile nne. Upekee huo ndio uliofungua mlango. Uchunguzi ukafuata, ushahidi wa Bate ukaunganishwa na wa kikosi, na mwaka 2006 zumari zikarudishwa Kanada. Tarehe 8 Novemba 2006 zilipokewa kwenye Bunge la jimbo la British Columbia mjini Victoria, na zipo hapo zinaonyeshwa.

Ukitaka kujua kwa nini nakataza watu kubahatisha jina, sababu ni hiyo. Kama mtu mmoja pale Ardvreck angeamua "hii nyekundu ni Royal Stewart, basi", zumari za Richardson zingekuwa bado kabatini.

Cherehani Butterfly

Nimesoma hiki kisa nikasimamisha cherehani. Sasa fundi, kwa hesabu hiyo, kilti ya Mackenzie yenye kiraka cha Gordon na muhuri wa Kanada si ya Batalioni ya 16 moja kwa moja?

Fundi Marinda

Hapana, tusirukie. Batalioni ya 16 ni uwezekano, na ni uwezekano unaosisimua, lakini Seaforth wa Vancouver walipeleka batalioni yao wenyewe pia, ya 72, na kikosi kimeendelea kuwapo mpaka leo. Kiraka cha Gordon kinaweza kutoka bohari lolote lililohudumia vikosi zaidi ya kimoja. Kitambaa kinatuambia Mackenzie. Mkunjo unatuambia desturi ya Seaforth. Mshale unatuambia Kanada. Kiraka kinatuambia kwamba mahali fulani Gordon ilikuwa karibu. Kinachobaki kinatakiwa kuthibitishwa kwa maandishi.

Na maandishi yapo. Jirani, jana jioni nilipomaliza kuinua ule ukingo wa bitana uliokunjamana chini ya kiraka, nimekuta tarakimu za wino, inaelekea ni namba ya askari. Nimekutumia picha pembeni, sitaziweka hapa hadharani kwa sababu huenda mwenye namba ana wajukuu ambao hawajaulizwa.

Jirani wa Leith

Nimeziona. Tarakimu ya mwisho ni 3 au 8, zilizobaki zinasomeka. Nifanye nini nazo?

Fundi Marinda

Hapa bahati imekuangukia. Ingekuwa kilti ya Mwingereza wa Vita vya Kwanza ningekwambia ujiandae kwa huzuni, kwa sababu sehemu kubwa ya majalada ya askari wao iliungua London kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Ya Wakanada yamesalimika. Hifadhi ya taifa yao, Library and Archives Canada, imeyaweka majalada ya askari wa jeshi lililotumwa ng'ambo 1914 hadi 1918 kwenye mtandao, na unaweza kutafuta kwa namba bila kulipa. Tena namba za Wakanada ziligawiwa kwa mafungu, kila batalioni fungu lake. Kwa hiyo hata kabla ya kupata jina, fungu linakuonyesha mtu alijiandikisha wapi.

Tafuta kwa zote mbili, yenye 3 na yenye 8. Ukipata majalada mawili, tazama batalioni. Mmoja akiwa wa kikosi cha Kiskoti na mwingine wa mizinga, umeshapata jibu. Tazama na urefu wake kwenye fomu ya uchunguzi wa daktari, kisha ulinganishe na saizi iliyopigwa kwenye bitana. Kilti hii ni ya mtu mfupi mwenye kiuno chembamba, nimeipima.

Jina likipatikana, liandikie jumba la makumbusho la kikosi husika kabla ya kumwandikia mtu wa familia. Wao wana orodha na picha, na wanajua namna ya kuwafikia ndugu kwa adabu.

Mjukuu wa Nyeri

Na akishamaliza hayo yote, aifue? Kwenye picha inaonekana kama ina harufu.

Fundi Marinda

Asiifue hata kidogo! Wino wa bitana utaondoka, marinda yatafunguka, na sufu itajikunja kwa namna ambayo hakuna pasi itakayoirudisha. Ile nyeusi iliyokwisha kuliwa na chuma itakatika ndani ya maji. Vumbi linatolewa kwa brashi laini, kwa kufuata marinda kutoka juu kwenda chini. Kama anahofia nondo, aifunge kwenye mfuko wa plastiki, atoe hewa, aiweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha aache ipate joto la chumba ikiwa bado ndani ya mfuko ndipo afungue. Asiitundike kwa vibanio, uzito wake utapasua kiuno. Ailaze, aviringishe karatasi nyeupe isiyo na asidi na kuipachika kwenye mikunjo mikubwa, na aiweke mbali na dirisha.

Kiraka asikitoe. Kuna mtu ameniandikia pembeni akishauri kitolewe ili kilti "iwe Mackenzie safi" na ipande bei. Kiraka hicho kimeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, mishono imebanana kama ya mtu aliyejua kwamba nguo itarudi kazini kesho yake. Ni sehemu ya nguo sawa na marinda yenyewe.

Rinda nililolifungua nimelifunga tena kwa matundu yale yale ya sindano ya zamani. Jirani, njoo uichukue Jumamosi, na uje na mfuko mrefu wa pamba, si wa plastiki. Wengine wenye kilti za aina hii wekeni picha tatu: nyuma yote ikiwa imelazwa, ndani ya rinda moja, na bitana. Picha ya mbele peke yake msiniwekee, haitatusaidia.

Jirani wa Leith

Nimepata jalada moja tu, la yenye 8. Alijiandikisha Vancouver. Kwenye fomu, mahali pa kazi yake kabla ya jeshi, wameandika fundi cherehani.